Utepe Mwekundu kwenye Dumu

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba changu cha kupanga Ufukoni, nikatia spana nne, plaizi na mswaki kwenye mfuko, nikatoka. Sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini, na jambo hilo nilikuwa nimelifanya mara nyingi: naamka, naona ukuta ni ule ule wa jana, naondoka. Shule niliiacha darasa la tano kwa mtindo huo huo, ila siku hiyo mfukoni mlikuwa na daftari badala ya spana.

Mmeniomba niwaandikie kazi ya banda hili ilivyokuwa, ninyi mnaochukua funguo zake. Nimekubali kwa sababu mikono yangu sasa haina kazi. Msitafute humu habari za vyeo, maana banda lilikuwa na cheo kimoja tu, cha fundi, na nilikuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Kabla ya hapo nilishavuna chumvi Lindi, nikapasua mbao Tunduru, nikauza betri za redio Masasi. Kilichonipa jina ni mashine za kupulizia salfa. Kwa asiyelijua shamba la korosho: mikorosho ikianza kuchanua hushikwa na ukungu, na mkulima hupita na mashine mgongoni akiirushia salfa ya unga, alfajiri, wakati umande ungalipo na upepo umelala. Mashine ile ina injini ndogo isiyo na mahali pake pa oili. Oili inachanganywa na petroli, na ukisahau, pistoni inakauka, inang'ang'ania ndani ya silinda, na hapo umekwisha. Nilifungua nyingi sana za namna hiyo. Nikafika mahali nikisimama barabarani naweza kukwambia shambani kwa nani oili imezidi na kwa nani imepungua, kwa kusikia tu.

Basi asubuhi ile nilipanda pikapu iliyokuwa inakwenda upande wa Madimba, ikanishusha ilipokata kona, nikaendelea kwa miguu kuelekea pwani. Nikasikia mashine ya salfa inakohoa. Nikajisemea, huyo kazidisha oili. Nikatazama kulia, shamba. Kushoto, shamba. Mlio ulikuwa unatoka juu.

Niliifuata nikiwa nimeinua shingo mpaka nikajikwaa kwenye kichuguu. Ilikuwa ndege ndogo ya viti viwili, mbawa za kitambaa, injini na pangaboi nyuma ya viti. Ikazunguka, ikashuka nyuma ya mikorosho. Nikapenya kwenye miti nikakuta uwanja wa udongo mwekundu, banda la mabati, na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya kiua anashuka taratibu kama anatoka msikitini.

"Shikamoo mzee. Mashine yako inakohoa."

"Marahaba. Nawe ni nani wa kuniambia hivyo?"

"Fundi wa mashine za salfa."

"Hii si mashine ya salfa."

"Kifua ni kile kile, mzee. Oili umezidisha."

Alinitazama kuanzia miguuni. "Mmakonde wewe?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Mtu wa Mikindani angesema kwanza habari za asubuhi, habari za nyumbani, ndipo anitukanie mashine."

Huyo ndiye Mzee Shaweji. Alikuwa amestaafu kazi ya kuongoza meli kuingia na kutoka bandarini. Miaka yote hiyo mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa akimtazama akiondoka. "Meli za watu sikuweza kumpandisha," aliniambia baadaye. "Hii yangu nampandisha." Hiyo ndiyo sababu yote ya banda hili kuwapo. Hakubeba mizigo wala watalii. Alirusha ndege Ijumaa asubuhi na Jumapili, siku moja na mkewe, siku nyingine na mjukuu, wakienda mpaka kwenye ghuba ya Mnazi kutazama miamba chini ya maji na kurudi kunywa chai. Wanakijiji walisema anapulizia mawingu salfa. Hakukasirika. Aliwajibu kwamba mwaka huu mawingu yatazaa vizuri.

Siku ya kwanza hakunigusisha injini. Alinipa chupa ya kioo, akaniambia nifungue kikoki kilicho chini ya tangi, nikinge petroli kidogo, niinyanyue kwenye mwanga. "Unaona nini?"

"Petroli."

"Tazama tena."

Chini kabisa palikuwa na tone, limejikunja peke yake kama shanga. Maji. Tangi lisilojaa likilala kwenye hewa yetu hii ya chumvi, asubuhi lina maji. Nimefanya kazi hiyo ya chupa kila asubuhi ya kuruka tangu siku ile, na nawaambia kwamba siku mtakayoona inachosha ndiyo siku ya kuirudia mara mbili.

Siku ya pili alinionyesha nyigu. Wale wa kujenga kwa tope wanapenda tundu lolote la ukubwa wa kidole, na ndege ni mkusanyiko wa matundu ya ukubwa wa kidole. Kijibomba cha kuingizia hewa kwenye tangi kikizibwa, petroli haishuki. Kila tundu nililitengenezea kizibo cha kitambaa chenye mkia mrefu, ili mtu asiruke nacho. Msimu wa salfa mnaujua wenyewe: wakulima wanataka alfajiri isiyo na upepo, nasi tunataka hiyo hiyo, kwa hiyo unga wao wa manjano unaishia kwenye chujio letu la hewa. Msimu huo chujio linasafishwa kila mkitua, si kila wiki. Ile soksi ya kuonyesha upepo mnayoiona juu ya mlingoti ni ya tatu. Ya kwanza Bi Mwajuma aliishona kwa mguu wa suruali ya kazi ya mumewe, ukanda ukiwa bado umo. Mumewe akawa anasema bado yuko kazini, mguu mmoja.

Lakini jambo ambalo mzee alilishikilia kuliko yote ni dumu. Petroli ambayo haijatiwa oili ilikaa kwenye dumu lisilofungwa kitu shingoni. Ukishachanganya, moja kwa hamsini, ukatikisa, unafunga utepe mwekundu kwenye shingo la dumu. Kisha anayemimina kwenye ndege anasema kwa sauti, "Oili imeingia," na rubani anajibu, "Nimeona." Hajibu mpaka awe ametazama ndani ya dumu, kwa sababu oili tunayotumia ina rangi nyekundu na petroli iliyochanganywa inaiva rangi kama juisi ya rozela. Alisema desturi hiyo ameitoa melini, ambako amri haijafika mpaka aliyepewa ameirudia.

"Na kama tuko wawili tu na wote tunajua?" nilimuuliza.

"Ndipo useme kwa sauti zaidi."

Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Nikaoa. Mke wangu, Somoe, ni binti wa kijijini hapo, na alinikubali kwa sharti kwamba nikitaka kutoroka nimuage. Tukampata Zena. Mtoto yule alijifunza kutembea kwa kushika magurudumu ya ndege. Alipokuwa na miaka saba alikuwa anakaa kwenye kiti cha rubani banda likiwa limefungwa, akijibu "nimeona" kwa mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Alipokuwa mkubwa Mzee Shaweji akaanza kumfundisha, tena kwa ukali kuliko alivyowafundisha wajukuu zake, ambao wote walipenda kupanda na hakuna aliyependa kurusha. Akaenda Dar kufanya mtihani, akarudi na leseni. Wakati huo magoti ya mzee yalikuwa yameshamkatalia ngazi. Akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya uwanja, na Zena ndiye aliyepandisha familia ile Jumapili.

Familia ambayo haikupanda ilikuwa yangu. Mimi nilisema lazima abaki mtu chini wa kusikiliza injini. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Nimefungua injini nyingi mno zilizokufa, siwezi kukaa mbele ya moja iliyo hai. Somoe yeye alisema tu ardhi inamtosha. Zena alimbembeleza miaka miwili. Mwishowe, msimu mmoja wa salfa, Somoe akasema, "Haya. Jumapili. Nusu saa, na usinizungushe."

Jumapili hiyo ndiyo ninayotaka kuwaandikia. Mengine mngeyapata kwenye daftari la matengenezo.

Jirani wa uwanja ni Mama Chiku, mwenye mikorosho ile ya upande wa mashariki. Kijijini kwetu, msimu wa salfa hakuna anayenyimwa petroli. Asubuhi ya kupulizia haisubiri. Mtu akiishiwa anakuja kwako, unampunguzia, akipata anarudisha. Wiki ile Mama Chiku alikuja na nikamwachia dumu zima lenye utepe, kwa kuwa yetu ilikuwa imeshachanganywa na mashine yake inakula hiyo hiyo. Nikamwambia akirudisha aweke bandani. Nikaona nimefanya ujirani.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuta dumu mahali pake, limejaa, utepe mwekundu shingoni. Banda lilikuwa bado na giza kidogo. Chupa ya kutazama maji nilishaikinga kabla; nikaegemeza faneli, nikamimina. Zena alikuwa anamfunga mama yake mkanda, na mama yake anauliza mkanda huu kama umewahi kufunguka.

"Oili imeingia," nikasema.

"Nimeona," Zena akajibu, mgongo wake ukiwa kwangu.

Waliruka vizuri. Mzee Shaweji alikuwa kwenye kiti chake na chai. Walipotea juu ya miti kuelekea ghubani, na mimi nikabaki nimetabasamu peke yangu kama mtu aliyepigwa picha.

Hazikupita dakika kumi, Mama Chiku akatokea kwenye mikorosho, nywele na kope zimejaa unga wa manjano. Mkononi alikuwa na kopo.

"Fundi, nisamehe. Petroli nilikurudishia jana jioni, hii hapa oili yako nilikuwa nimesahau."

"Oili gani?"

"Si oili ya kuchanganyia? Ilibaki kidogo chini, nikajazia petroli. Oili mimi huwa natia kwenye tangi la mashine, mwishoni. Nikasema nikuletee utie mwenyewe kwa kipimo chako."

Nataka mwelewe kwamba hakukosea. Nusu ya wakulima hapa wanafanya hivyo. Petroli ni petroli na oili ni oili, kila kimoja kinarudishwa peke yake, na yeye alirudisha vyote viwili kama mtu mwaminifu. Aliyekosea ni mimi, niliyeuacha utepe mwekundu utoke bandani kwenda kufungwa shingoni mwa kitu nisichokiona.

Nikalikimbilia dumu. Kilichobaki chini nikakimimina kwenye chupa ya kioo, nikatoka nayo juani. Ilikuwa na wekundu wa mbali sana, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha juisi. Oili ilikuwapo, lakini haikufika hata nusu ya inayotakiwa.

Kilichofuata nilikifanya kijinga. Nilikimbia mpaka katikati ya uwanja, nikarudi. Nikakimbilia pikipiki, nikakumbuka haina ufunguo. Simu zao zote mbili zilikuwa mezani bandani, kwa kanuni, na redio ya mkononi ilikuwa mjini kutengenezwa.

"Hamisi," mzee akaita. Hakuwa ananiita kwa jina; siku zote nilikuwa Mmakonde. "Njoo usimame hapa. Nini?"

Nikamwonyesha chupa. Akaitazama kwenye mwanga, akaweka chai chini.

"Itavumilia muda gani?"

"Sijui. Akiikamua, dakika ishirini. Akienda taratibu, labda itarudi."

"Atakwenda taratibu, amembeba mama yake." Akafikiri. "Saa hizi maji yamekupwa kabisa. Ikizimika kule, ufuko wote ni mchanga mgumu, atatua bila hata kumwaga chai. Shida ni kurudi."

Nilijua. Kutoka ufukweni mpaka kwetu ni mikoko, halafu mikorosho iliyosongamana, kwa dakika tatu nzima. Ikizimika hapo hakuna pa kuweka gurudumu.

"Turubai jeupe," mzee akasema. "Litandazeni. Anajua maana yake."

Maana yake ni shuka mara moja na usiiamini injini. Mzee alimfundisha Zena siku za mwanzo kabisa, na hatukuwa tumewahi kulitandaza. Mimi na Mama Chiku tukalivuta mpaka ukingo wa uwanja, tukaweka mawe kwenye pembe. Mama Chiku hakuuliza mpaka tulipomaliza. Kisha akauliza, "Ni ile petroli?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini palepale kwenye udongo, kopo la oili mapajani.

Nikasikiliza. Nimesikiliza injini maisha yangu yote, na asubuhi hiyo mashamba yote yalikuwa na mashine za salfa. Nne, tano, zinaunguruma kila upande. Nilizitenga moja moja kichwani, hii ya fulani, hii ya fulani, mpaka ikabaki moja ambayo haikuwa ya mtu yeyote chini. Ilikuwa inatoka baharini. Mlio wake ulikuwa mkavu, umebana, kama mtu anayesema huku ameuma meno.

"Anakuja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Mikoko."

Sikuiona bado. Dakika tatu si muda mrefu. Chai ya mzee haikupoa. Ilipotokeza juu ya mikorosho ilikuwa juu kuliko kawaida, na nikashukuru, maana urefu ule angeweza kuutumia kama akiba. Kisha mlio ukakatika ghafla.

Mama Chiku akasema, "Yallah."

Mzee akasema, "Amezima mwenyewe. Ameona turubai."

Nilimwuliza amejuaje. Akanielekeza angani kwa kidole. Ndege ilikuwa inakuja kimya, pua chini, naweza kusikia upepo kwenye kitambaa cha mbawa, na juu ya upepo huo sauti ya mke wangu inasema neno nisilolishika. Ikapita juu ya mti wa mwisho, ikapita juu ya turubai, ikagusa chini, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikasimama.

Somoe alikuwa wa kwanza kufungua mkanda.

"Nusu saa mlisema! Hii ndiyo nusu saa? Ndiyo kwanza nimeanza kuizoea, mmenizimia!" Kisha akaniona. "Baba Zena, una nini? Mbona umekaa chini?"

Sikuwa najua kwamba nimekaa. Nilipoinuka nikaenda kuweka kiganja karibu na silinda. Joto lake lilinifukuza kabla sijaigusa.

Zena alisimama upande wa pili wa injini. "Ni nini, Baba?"

"Oili. Nimemimina bila kutazama. Kosa langu."

"Uliita, nami nikaitikia," akasema. "Sikugeuka."

Mzee Shaweji alikuwa amejikongoja na mkongojo wake mpaka hapo. Nilingoja atuseme, na ningefurahi kama angetusema. Akatutazama wote wawili, akamgeukia Somoe.

"Mama Zena, umeionaje ghuba?"

"Nzuri, Mzee. Ila marubani wenu hawana subira."

Nilicheka mpaka machozi, na Mama Chiku akacheka huku analia wazi wazi, unga wa salfa ukichora mistari mashavuni. Nimeshuhudia raha nyingi katika kazi hii, lakini ile ya kuwaona watu wangu wawili wamesimama kwenye udongo wanagombana habari za dakika, sijaona ya kuipita.

Somoe nilimweleza jioni ile ile, baada ya kula. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi nacheka juu, wewe chini unakufa."

"Ndiyo."

"Ungeniambia nisingecheka. Afadhali sikujua." Akakusanya vyombo. Wiki mbili baadaye, pistoni mpya ikiwa ndani, akaja bandani kabla yetu, akainama kwenye dumu na tochi. "Nimeona," akasema. Tangu siku hiyo hata anayepanda anatazama, awe mkubwa au mtoto, na ndiyo maana tochi ile imefungwa kwa kamba ukutani. Msiihamishe. Utepe mwekundu hautoki nje ya mlango. Jirani akihitaji petroli, mpimieni kwenye dumu lake, na mpeni kwa moyo mweupe. Pistoni ya zamani iko dirishani, ina mikwaruzo mirefu upande mmoja. Jumapili ile tulikuwa tumebakiwa na muda mfupi kabla haijang'ang'ania. Sijawahi kutaka kujua ulikuwa mfupi kiasi gani.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo. Siku ya tatu ya kustaafu niliamka, nikaona ukuta ni ule ule. Nikatia mswaki mfukoni. Somoe akasema, "Unatoroka? Niage basi." Nikamwambia nakwenda bandani tu. Kumbe Zena alikuwa ameshaitoa ndege nje.

"Tunakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Popote penye uwanja. Panda, Baba. Aliyebaki kusikiliza chini ni Mama."

Yeye ndiye aliyemimina. "Oili imeingia." Nikachukua tochi, nikainama, nikatazama kwa muda ambao ninyi mngeona ni wa kuchekesha. "Nimeona."

Nikiwa juu niligundua kwamba injini niliyoisikiliza miaka yote kutoka chini, ukiwa mbele yake huisikii sana. Upepo unaibeba. Kwa hiyo nilikosa kazi, nikaanza kutazama. Mto Ruvuma ulikuwa upande wangu wa kushoto, mpana na wenye visiwa vya mchanga, kisha ardhi ikainuka, na Zena akapiga simu ya redio akaruhusiwa kutua Newala. Miaka yote ile ya kuzurura sikuwa nimefika Newala. Nilipashukia kutoka juu.

Mchana upepo ukaamka, Zena akasema leo haturudi. Tukafunika ndege, tukaziba matundu yote, tukatembea mpaka tukapata nyumba ya wageni yenye ua uliofagiliwa. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye miwani, alitutazama na kimfuko chetu kimoja.

"Karibuni. Mmekuja na basi la saa ngapi?"

"Hatukuja na basi, mama," Zena akasema.

"Mnalala siku ngapi?"

"Inategemea upepo," nikamjibu. Akanipa funguo kama mtu aliyezoea wageni wa kila aina.

Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, kiti, na dirisha linalotazama bondeni; Zena alipewa cha jirani. Magharibi ilikuwa imeingia niliposikia simu. Somoe.

"Mmefika?"

"Tumefika. Tumepata na pa kulala."

"Dumu ulitazama?"

"Nilitazama."

"Kwa tochi?"

"Kwa tochi, Mama Zena."

"Basi lala."

Hata isha ilikuwa haijaadhiniwa. Nikavua viatu, nikalala.